Farasi wawili na majira ya baridi: nifunge milango, nivike blanketi au niongeze mahindi?

Swali la msomaji: "Nina farasi wawili. Mmoja ni jike mwenye umri wa miaka 23, na mwingine ni dume aliyehasiwa mwenye umri wa miaka 8. Niliwapata mwaka huu, kwa hiyo hii itakuwa mara yangu ya kwanza kuwatunza katika majira ya baridi, ambayo huku niliko huleta theluji, upepo mkali na mvua ya barafu. Watu waliofuga farasi kabla yangu wananiambia nifunge madirisha na milango yote ya banda, niwavike mablanketi mazito mwanzo wa majira na kuyavua yakiisha, na niwaongezee mahindi ili wapate joto. Je, nifuate ushauri huo?"

Jibu: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla baridi haijaingia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya majira hayo hufanywa mapema. Katika mambo matatu uliyoshauriwa, mawili, yaani kufunga banda lote na kuongeza mahindi, yanaweza kuwadhuru farasi wako. La tatu, blanketi, huenda likamfaa jike wako mzee kwa siku kadhaa za majira hayo, ilhali dume wako mwenye afya huenda asilihitaji kabisa. Wanachohitaji wote wawili, na ambacho naona hukukitaja, ni nyasi kavu za kutosha, maji yasiyoganda, na mahali pa kujikinga na upepo na mvua. Nitaeleza sababu, kisha nitarudi kwa jike wako, maana yeye ndiye anayenitia wasiwasi.

Tuanze na mwili wenyewe. Mfugaji anaposikia baridi ikipenya koti lake hudhani farasi naye anateseka kwa kiasi hicho hicho, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Manyoya ya farasi ya majira ya baridi huanza kuota pale mchana unapoanza kupungua, wiki nyingi kabla ya baridi kufika, kwa kuwa mwili wake hufuata urefu wa mwanga wa siku kuliko joto la hewa. Manyoya hayo yakishakamilika huweza kusimama na kuzuia hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto. Farasi mzima mwenye manyoya ya kiangazi huanza kutumia nishati ya ziada ili kujipasha joto hewa inaposhuka hadi nyuzijoto 5 hivi. Farasi huyo huyo, akiwa na manyoya kamili ya baridi, mwili ulioshiba na ngozi kavu, anaweza kustahimili hadi nyuzijoto 7 au 8 chini ya sifuri kabla ya kufikia kiwango hicho. Farasi wa Yakutia, kaskazini mashariki mwa Urusi, huishi nje majira yote ya baridi katika baridi ya nyuzijoto 50 chini ya sifuri na zaidi, wakifukua theluji kwa kwato ili kupata nyasi. Farasi wako si wa kabila hilo, na sikusudii uwatendee hivyo, ila ni vyema ujue kwamba baridi kavu peke yake si adui mkubwa wa mnyama huyu.

Adui ni maji pamoja na upepo. Manyoya yakilowa hadi kwenye ngozi hulala, hewa iliyokuwa imezuiliwa hutoka, na kinga karibu yote hupotea. Ndiyo maana mvua ya nyuzijoto 2 au 3 inayoambatana na upepo humchosha farasi kuliko siku tulivu ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Ukimkuta farasi wako amesimama nje na theluji imetanda mgongoni bila kuyeyuka, usiogope: theluji hiyo haiyeyuki kwa sababu joto la mwili halitoroki. Ukichomeka vidole katikati ya manyoya hadi ugonge ngozi, utakuta pakavu na penye joto. Ukikuta ngozi imelowa, hapo ndipo pa kuchukua hatua, hata kama hewa yenyewe haikuonekana kuwa baridi sana.

Sasa chakula. Tumbo la farasi ni jiko lake, na kuni zake ni nyasi. Nyasi kavu humeng'enywa zaidi katika utumbo mpana na katika kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwake, ambako mabilioni ya vijidudu huchachusha nyuzinyuzi kwa saa nyingi mfululizo, na kazi hiyo huzalisha joto ambalo husambaa mwilini mchana na usiku. Mahindi hayafanyi hivyo kwa kiwango hicho. Wanga wake humeng'enywa haraka katika utumbo mwembamba, hutoa nishati nyingi kwa muda mfupi, lakini joto linalobaki mwilini ni dogo ukilinganisha na lile la nyasi. Zaidi ya hapo, wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba hufika utumbo mpana na kuvuruga vijidudu vile, na matokeo yake yanaweza kuwa msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato ambao madaktari huuita laminitisi. Kwa hiyo imani kwamba mahindi humpasha farasi joto, ingawa ni ya zamani na inarudiwa na watu wenye nia njema, haina msingi.

Kwa hesabu, farasi mwenye uzito wa kilo 500 asiye na kazi nzito huhitaji kati ya kilo 7.5 na 10 za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Kwa kila nyuzijoto 1 inayoshuka chini ya kile kiwango nilichokitaja, yaani nyuzijoto 8 chini ya sifuri kwa farasi mwenye manyoya kamili, ongeza takribani asilimia 2 ya chakula. Maana yake ni kwamba hewa ikifika nyuzijoto 18 chini ya sifuri, farasi anayekula kilo 10 atahitaji kama kilo 2 za ziada, na upepo au unyevu ukiongezeka atahitaji zaidi ya hapo. Zipime nyasi kwa mizani, hata mizani ndogo ya kuning'iniza, kwa sababu marobota ya nyasi hutofautiana sana kwa uzito na jicho halipimi vizuri. Nyongeza hiyo itoe zaidi jioni, ili utumbo uwe na kazi katika saa zenye baridi kali. Na kwa kuwa una farasi wawili, weka mafungu matatu ya nyasi yaliyoachana kwa hatua kadhaa. Daima mmoja humtawala mwenzake, na katika baridi mnyonge ndiye anayekonda kwa kufukuzwa kwenye chakula, huku mwenye mali akiamini wote wanakula sawa.

Mabadiliko yoyote ya chakula yafanye polepole, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ni kuhama kutoka nyasi za shamba moja kwenda za shamba lingine. Ikiwa farasi atahitaji nishati zaidi ya ile anayoipata kwenye nyasi, kwa mfano kwa sababu amekonda, makapi ya kiazisukari yaliyolowekwa na mafuta kidogo ya mimea ni salama kuliko nafaka. Ukilazimika kutoa nafaka, usizidishe kilo 2 kwa mlo mmoja. Uji wa pumba za ngano, ambao wafugaji wengi hupenda kuutoa mara moja kwa wiki usiku wa baridi, humfurahisha mtoaji kuliko unavyomsaidia farasi, na kwa kuwa ni chakula kigeni kinachoingia ghafla unaweza kumharibia tumbo. Kumbuka pia kwamba nyasi kavu hupoteza vitamini E kadiri zinavyokaa ghalani, kwa hiyo farasi asiyepata nyasi mbichi kwa miezi kadhaa aongezewe vitamini hiyo pamoja na madini, kwa kipimo atakachokupa daktari wa mifugo.

Nakuomba usome sehemu ya maji kwa makini kuliko nyingine zote, kwa sababu katika kazi yangu naona farasi wengi wakiugua majira ya baridi kwa kukosa maji kuliko kwa baridi yenyewe. Wakati wa nyasi mbichi, farasi hula maji pamoja na chakula, kwani nyasi hizo zina maji asilimia 60 hadi 80. Nyasi kavu zina maji asilimia 10 hadi 15 tu. Hivyo basi, wakati ule ule tunapomwongezea chakula kikavu, maji ya kunywa yanakuwa baridi na yenye kuganda, naye hunywa kidogo. Chakula hukauka ndani ya utumbo mpana, hujikusanya penye kona na penye wembamba, na kuziba. Huo ndio msokoto wa tumbo wa majira ya baridi, nao huanza kimyakimya: siku ya kwanza kinyesi hupungua na vibonge vyake huwa vidogo, vikavu na vyenye kung'aa, siku ya pili farasi huacha chakula.

Farasi wa kilo 500 anahitaji lita 20 hadi 40 za maji kwa siku. Maji yenye nyuzijoto 7 hadi 18 ndiyo anayoyanywa vizuri, na majaribio yaliyofanywa wakati wa baridi kwa poni, yaani farasi wa kimo kifupi, yalionyesha kwamba wanaopewa maji ya uvuguvugu peke yake hunywa zaidi kuliko wanaopewa maji yanayokaribia kuganda. Lipo jambo la kushangaza katika majaribio hayo: walipowekewa maji ya aina zote mbili kwa wakati mmoja, walichagua yale ya baridi na kunywa machache. Kwa hiyo usiweke ndoo ya maji ya moto kando ya birika lenye barafu ukidhani umempa uhuru wa kuchagua. Muondolee ile ya baridi. Kama huna umeme karibu na banda, mpelekee ndoo iliyotiwa maji ya moto kidogo asubuhi na jioni, dakika chache baada ya kuanza kula nyasi, maana farasi wengi hunywa karibu na wakati wa kula. Birika la nje livunje barafu angalau mara tatu kwa siku, na vipande vinavyoelea uvitoe, kwani vikiachwa hushikana tena upesi na vingine humgonga farasi mdomoni akaacha kunywa.

Ukiwa na umeme, kifaa cha kupasha maji ndani ya birika kitakupunguzia kazi nyingi. Lakini kikague mara kwa mara. Waya uliochubuka unaweza kupitisha umeme mdogo ndani ya maji ambao mkono wako wenye glavu hautausikia, ila farasi ataupata kwenye midomo na kukataa birika hilo. Farasi anayelisogelea birika, anashusha kichwa, kisha anarudi nyuma ghafla bila kunywa, anakueleza kitu. Zima kifaa, badilisha maji, umwangalie tena, na fundi wa umeme apime kabla hujakiwasha.

Wapo watakaokuambia kwamba farasi atakula theluji. Ni kweli baadhi huila, lakini ndoo kumi hivi za theluji laini hutoa ndoo moja ya maji, na kuyeyusha kilo 1 ya barafu hutumia nishati takribani mara mbili ya ile inayohitajika kuyapasha maji hayo kutoka sifuri hadi joto la mwili. Hakuna mantiki ya kumwongezea nyasi ili apate joto, kisha kumwacha alitumie joto hilo kuyeyusha theluji tumboni.

Chumvi huchochea kiu, na hapa pia baridi huleta tatizo, kwani jiwe la chumvi lililopoa sana farasi huenda asilirambe vya kutosha. Tia chumvi ya kawaida ya mezani, gramu 30 hivi kwa siku, sawa na vijiko viwili vya chakula, katika chakula chake kilicholowekwa. Usifanye hivyo siku ambayo maji yameganda na hujapata mengine, kwa sababu chumvi bila maji ni madhara matupu.

Nije kwenye banda. Kufunga kila dirisha huleta joto kidogo na hewa mbaya sana. Mkojo uliolowa kwenye matandiko hutoa amonia, nyasi na majani ya kulalia hutoa vumbi na ukungu, na pumzi ya wanyama wawili hujaza unyevu. Mapafu ya farasi hayavumilii mchanganyiko huo, na kikohozi kinachoanza katikati ya majira ya baridi mara nyingi chanzo chake ni banda lililozibwa, wala si baridi. Ingia bandani alfajiri kabla ya kufungua mlango mkubwa, uchutame hadi pua yako iwe karibu na sakafu, uvute pumzi. Harufu kali ikikuchoma pua au macho, farasi aliyelala hapo ameivuta usiku kucha. Tazama pia dari na vioo: matone ya maji yaliyoning'inia ni dalili kwamba hewa haitoki. Acha matundu ya juu wazi, karibu na paa, ili hewa yenye unyevu itoke bila upepo kumpiga farasi moja kwa moja. Nyasi ziweke chini sakafuni kuliko kwenye wavu wa juu, maana farasi anapoinamisha kichwa makamasi na vumbi hutiririka kutoka kwenye njia ya hewa.

Kwa maoni yangu, banda bora kwa farasi wawili kama wako ni kibanda chenye kuta tatu katika uwanja wao, upande ulio wazi ukiwa umepa kisogo upepo unaovuma mara nyingi, chenye ukubwa wa takribani mita za mraba 22 ili yule mnyonge asifungiwe nje na mwenzake. Humo wataingia na kutoka wapendavyo. Farasi anayetembea utumbo wake hutembea pia, na miguu yake haivimbi kama ya yule anayesimama bandani saa 20. Usishangae ukiwaona wamesimama nje kwenye theluji huku kibanda kiko tupu, kwani wao hukikimbilia zaidi wakati wa upepo na mvua. Usiku wa mvua ya barafu waingize ndani wewe mwenyewe, hasa jike.

Kuhusu blanketi, usichopaswa kufanya ni kulivisha mwanzo wa majira na kulivua mwisho. Blanketi zito huyalaza manyoya, kwa hiyo humnyang'anya farasi kinga yake na kumpa nyingine mahali pake, nayo ile ya kwanza haiwezi kupangwa tena upendavyo. Mchana jua likitoka, farasi aliyefunikwa hutoka jasho chini ya blanketi, jioni hupoa akiwa amelowa, na hapo umemtengenezea ile hali niliyosema ni mbaya kuliko zote. Dume wako wa miaka 8, akiwa na mwili mzuri, manyoya yake hayajanyolewa na ana kibanda, mwache bila blanketi. Wanaolihitaji ni farasi walionyolewa kwa ajili ya kazi, waliokonda, wagonjwa, wazee, watoto wadogo, na wale waliohamishwa hivi karibuni kutoka mahali pa joto, ambao mwili huchukua wiki mbili hadi tatu kuzoea baridi.

Ukilitumia, chagua lisilopenyeza maji lakini linaloruhusu mvuke wa mwili kutoka, ulivishe juu ya manyoya makavu tu, na ulivue kila siku bila kukosa. Pitisha mkono mabegani, kifuani na pale shingo inapoungana na mgongo, ambapo mishono husugua hadi manyoya hunyonyoka na ngozi huchubuka. Ukiingiza mkono chini ya blanketi na kukuta unyevu, limezidi uzito. Ni vyema uwe na mawili, moja jepesi la kuzuia mvua na lingine lenye ujazo wa ndani wa gramu 200 hivi kwa kila mita ya mraba, kuliko moja la gramu 400 ambalo litamfaa siku chache na kumchosha siku nyingi.

Sasa jike wako. Farasi wa miaka 23 anaweza kupita majira ya baridi vizuri kabisa, lakini hana akiba ya kusamehe uzembe. Jambo la kwanza, kabla ya blanketi na kabla ya kibanda, ni meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza na kusagika maisha yake yote, na akifika umri huo mengine yamekwisha, mengine yamelegea au yana ncha zinazokata shavu. Pita mahali anapokula na utafute vibonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu na kutemwa, virefu kama kidole na vyenye mate. Ukiviona, nyasi unazompa haziingii tumboni, na kumwongezea nyingine hakutamsaidia. Mwite daktari wa mifugo au mtaalamu wa meno ya farasi akague na kusawazisha meno, na umwandalie chakula cha nyuzinyuzi kisichohitaji kutafunwa sana: nyasi zilizosagwa na kushindiliwa kuwa punje, zikilowekwa katika maji ya uvuguvugu hadi zilainike kabisa, mara tatu au nne kwa siku. Chakula hicho kinamwongezea maji pia, jambo ambalo kwake ni faida mara mbili. Mlishe peke yake, dume akiwa upande wa pili wa uzio, ili amalize bila haraka.

La pili ni kumpima mwili kwa mikono. Manyoya marefu huficha mbavu hadi farasi aonekane mnene wakati amebaki mifupa, na kila mwaka wapo wanaogundua hilo manyoya yanapopukutika, wakati miezi ya kumsaidia imeshapita. Vua glavu, weka kiganja ubavuni nyuma ya bega, ubonyeze taratibu ukielekea nyuma. Mbavu zinapaswa kusikika chini ya tabaka jembamba la mafuta bila kutafutwa kwa nguvu. Zikisikika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Pitisha mkono pia juu ya uti wa mgongo na kwenye mifupa ya nyonga. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha alama 1 hadi 9 kilichotungwa na Don Henneke katika Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983, ambapo 1 ni farasi aliyekonda kabisa na 9 ni mnene kupita kiasi. Jitahidi jike aingie kwenye baridi akiwa na alama 5 au 6. Mpime kila baada ya wiki mbili, uandike tarehe na alama, kwani kumbukumbu hudanganya. Kumnenepesha farasi mzee katikati ya baridi ni kazi ngumu mno, kwa hiyo kama sasa yuko chini ya 5, anza leo.

La tatu, mwambie daktari achunguze tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Farasi waliovuka miaka 15 hupata mara nyingi ugonjwa wa tezi hiyo, na dalili zake ni manyoya marefu yenye mawimbi ambayo hayapukutiki kiangazi, nyama za mgongo kupungua, kunywa na kukojoa sana, na laminitisi inayojirudia. Hupimwa kwa damu na hudhibitiwa kwa dawa ya kila siku iitwayo pagolaidi. Farasi mwenye ugonjwa huo, au mwenye shida ya insulini, ana hatari moja ambayo wengi hawaitarajii wakati wa baridi: usiku ukiwa chini ya nyuzijoto 5 na mchana ukiwa na jua, nyasi mbichi hujaza sukari bila kuitumia kukua, na zile chache zilizobaki uwanjani zinaweza kumuumiza kwato. Akianza kutembea kwa hatua fupi juu ya ardhi iliyoganda, usidhani ni ugumu wa ardhi tu.

Kwato za wote wawili ziendelee kukatwa kila wiki 6 hadi 8, ingawa hukua polepole zaidi katika baridi. Kama hawafanyi kazi barabarani, mwombe fundi wa kwato awavue viatu vya chuma, kwa sababu theluji hujikusanya ndani ya chuma na kuganda kuwa bonge ambalo humfanya farasi ateleze au ateguke. Chokonoa kwato kila siku, na ukinusa harufu ya uozo katika sehemu laini ya pembetatu iliyo chini ya ukwato, safisha na ukaushe mahali anaposimama. Tope la miguuni liache likauke, kisha ulitoe kwa brashi. Kuliosha kila jioni kunailowesha ngozi muda mrefu na kuwafungulia mlango bakteria wanaosababisha vidonda vya nyuma ya kifundo. Penye barafu njiani, mwaga mchanga.

Farasi wako wakipandwa katika majira hayo, lijamu lipashe mikononi kabla ya kulitia mdomoni, anza kwa kutembea dakika 15, na usimrudishe uwanjani mpaka manyoya ya kifuani na chini ya tandiko yakauke. Baridi ikipita nyuzijoto 15 chini ya sifuri, mwache apumzike, kwani hewa kavu na baridi kali huumiza njia ya hewa ya farasi anayekimbia. Dawa ya minyoo isitolewe kwa mazoea. Mpelekee daktari sampuli ya kinyesi, naye akushauri dawa ya mwisho wa msimu, ambayo kwa kawaida hulenga pia minyoo bapa na mabuu ya nzi wanaokaa tumboni mwa farasi.

Mwisho ni uangalizi wa kila siku, ambao hauchukui zaidi ya dakika 10 asubuhi na jioni. Wiki hii, wakiwa wazima, pima joto la kila mmoja kwa kipimajoto cha kuingiza nyuma, uhesabu mapigo ya moyo wakiwa wametulia, na uandike ukutani: joto la kawaida ni nyuzijoto 37.2 hadi 38.3, na mapigo ni 28 hadi 44 kwa dakika. Hesabu pia mafungu ya kinyesi, ambayo farasi mzima hutoa 8 hadi 12 kwa siku. Farasi anayetetemeka kwa muda mfupi baada ya mvua anajipasha joto: muingize ndani, mfute kwa majani makavu au taulo, mpe nyasi. Akiendelea kutetemeka baada ya saa moja, au akiwa mlegevu na joto lake limeshuka chini ya kawaida, piga simu. Akikwaruza ardhi kwa mguu, akageuka kutazama ubavu, akilala na kuinuka mara kwa mara, au kinyesi kikipungua nusu, mwite daktari saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Wakati unamsubiri, ondoa chakula chote, maji yaache, mtembeze taratibu ikiwa anataka kujibwaga na kugaagaa, na usimnyweshe mafuta wala kumpa dawa yoyote kwa mkono wako, kwani kikiingia kwenye mapafu au kikificha dalili, daktari atakuwa na kazi mbili badala ya moja. Namba ya daktari huyo, na ya mtu mwenye gari la kubeba farasi linaloweza kupita kwenye theluji, zitafute sasa wakati barabara zingali wazi.